Kumeza Mbele ya Kamera

Ndabibi
Jumapili, 19 Januari 2025

Dada Truphosa,

Salamu hizi ni zako, za shemeji Micah na za binti yangu Natasha. Ziwakute zizini au ziwakute mezani, mradi ziwakute wazima. Huku asubuhi baridi inamlazimu mtu kuvaa soksi mbili, na ikifika saa nne vumbi linaingia hadi kwenye chai. Mwambie Natasha sweta aliyonifumia imekuwa gumzo. Mpambaji ameniuliza kama kuna nyingine.

Siku niliyoondoka ulisema hutaki simu zangu. Ulisema kwa simu mimi hujibu "niko poa" halafu nakata, lakini mtu aliyeshika kalamu hana budi kukaa chini na kufikiri. Basi nimekaa. Hata ungetaka simu, hapa zinakusanywa langoni kila asubuhi ili mtu asisambaze picha za tamthilia kabla haijatoka, na tukirudishiwa jioni, mtandao wenyewe ni wa kupandia kilima. Barua itabebwa na Ngigi, dereva wa kampuni, ambaye huenda Nakuru kila wiki kununua vyakula. Ataiacha dukani kwa Adongo, pale mjini kwenye steji ya magari ya Subukia, nawe ujibu kwa njia hiyo hiyo.

Kazi ni nzuri, dada. Mimi ni Mzee Barasa, tajiri mwenye shamba la ng'ombe, ambaye watoto wake wanagombania urithi naye angali hai. Kila wakigombana wanagombana wakila, kwa hiyo karibu kila siku nimekaa mwisho wa meza, pale pa baba. Unajua nilikotoka. Tangu kiwanda nilichofanyia kazi kifungwe nimeigiza vitabu vya shule, tukizunguka sekondari za Molo na Njoro na Rongai, leo mimi ni mfalme, kesho mlevi, wanafunzi wakicheka mahali pa kulia. Nina miaka arobaini na minane, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuniletea kiti na kuniambia, "Mzee, kaa, tutakuita."

Chakula kipo, tena kingi. Asubuhi ni chai iliyotiwa sukari tayari na mandazi. Mchana ni wali, viazi na chapati katika sahani moja, soda juu yake. Mchana wenyewe hauna saa. Tunakula dairekta akisema tule.

Kuhusu ile hali yangu, usijisumbue. Tembe ninazo. Siku ya kuandikwa waliniuliza kama nina ugonjwa wowote, nikasema sina. Wakijua nina sukari watasema huyu mzee atatuangukia katikati ya kazi, tutafute mwingine. Natasha pia asijue. Hilo libaki lako na langu.

Ni mimi ndugu yako, ninayevaa makoti ya mtu mwingine,
Nicodemus Makhanu


Subukia
Jumapili, 2 Februari 2025

Ndugu yangu Nico,

Barua yako niliipata tarehe 25, ikiwa na alama ya kikombe mgongoni. Tumeshukuru kwamba umefika na una kiti. Hapa tu wazima. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na Micah anatembea kama aliyezaa yeye. Natasha ameshawaambia kidato cha tatu chote kwamba babake ataonekana kwenye televisheni. Sasa mwalimu wa Kiswahili anamsomesha mashairi kwa nguvu, eti damu ya sanaa.

Sasa nisikilize. Usingoje chakula chao. Watu wa kamera wanakula kazi ikiruhusu, lakini tembe yako ina saa yake. Ukimeza tembe halafu chakula kichelewe, sukari itashuka, utatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Weka peremende mfukoni kwa ajili ya siku kama hiyo peke yake, si za kumumunya ukiwa na hamu. Beba mkebe wako. Tia nduma vipande viwili, yai la kuchemsha, maharagwe, na mboga za majani ujaze nusu ya mkebe. Kula kidogo mapema, kisha kidogo tena, badala ya kukaa na njaa tangu alfajiri halafu uvamie sahani. Chapati moja si dhambi. Chapati na wali na viazi pamoja ni vita. Mwambie mpishi akutolee chai kabla hajaitia sukari. Kunywa maji hata kama choo kiko mbali. Na jioni vua viatu, utazame miguu yako, vidole hadi kisigino.

Usidhani nakupangia chakula cha mgonjwa. Hata hao vijana wanaocheza nawe wangekula hivyo, wasingesinzia saa nane na kupakwa poda kuficha macho.

Nina maswali matatu, na nataka majibu matatu. Unabeba mkebe? Miguu unaitazama? Kuna mtu yeyote hapo, hata mmoja, anayejua una sukari?

Mama alificha kidonda chake ndani ya soksi kwa sababu aliona haya kusumbua watu. Sitasema zaidi, ulikuwapo.

Dadako anayekungoja ujibu,
Truphosa


Ndabibi
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada Truphosa,

Nimekaa nje kwenye gogo, jua la saa sita liko mgongoni, na leo hatufanyi kazi, kwa hiyo barua hii utaipata ndefu. Mpe Micah hongera za ndama. Natasha asisome mashairi kwa ajili yangu. Asome kwa ajili ya mtihani.

Mkebe ninabeba. Mpishi alinichemshia nduma bila kuuliza maswali. Ila kula ndiyo kazi, dada. Siku ya kwanza nilifungua mkebe pale foleni ya chakula, na Kipsang, fundi wa sauti, akapaza sauti yake ambayo hata haihitaji maikrofoni: "Wuueh! Mzee Barasa! Ng'ombe mia mbili na unakula nduma kavu?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Tangu hapo nakula nyuma ya lori la jenereta, nikiwa nimesimama. Kimberly, yule msichana anayeigiza binti yangu wa mwisho, alinifuma huko juzi.

"Baba, unaficha nini? Ni nyama ya swara?"

"Ni nduma."

"Si unionjeshe basi."

Nikampa kipande. Akala, akaniambia nimekosa chumvi, akaenda zake. Ni mtoto mchangamfu. Ananiita Baba hata kamera ikiwa imezimwa.

Miguu naitazama.

Wacha nikueleze jambo moja la kazi hii ambalo hungelijua, maana hata mimi sikulijua. Mkila kwenye tamthilia, hamli mara moja. Mnapigwa picha kutoka upande huu, halafu kamera inahamishwa, mnarudia tangu mwanzo, halafu upande ule, halafu mmoja anakosea neno, mnarudia. Na kila mara lazima ukate kipande kilekile, kwa mkono uleule, kwenye neno lilelile. Ndiyo sababu chini ya meza huwekwa karai. Dairekta akisema "Kata!" kila mtu anainama na kutema.

Jumatano ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Mzee Barasa. Keki kubwa, ya krimu. Mwenzetu aliyeigiza mchungaji ni shemasi kwao, na alipoambiwa abariki meza aliomba maombi ya kweli, akataja na mayatima. Watu wakasema amina kwa macho yaliyofumbwa. Halafu tukala, "Kata!" ikaja, na wote wakainama kwenye karai.

Mimi sikuweza. Unakumbuka Mama alivyotutazama mtu akitema tonge. Na hiki kilikuwa kimeombewa. Nilimeza. Tukarudia, nikameza. Tulirudia mpaka keki ya pili ikafunguliwa, nami nikameza. Dairekta akaja akanishika bega: "Tazameni Mzee, anakula kama mtu! Nyinyi wengine mnatafuna kama mmelipiwa." Ameahidi kuongeza sehemu za mezani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Niwie radhi kwa herufi kubwa hizi, mwanga wa hapa ni hafifu.

Nduguyo,
Nicodemus


Subukia
Jumapili, 2 Machi 2025

Nico,

Sisi wote tu wazima na tunakusalimu. Ndama anaendelea. Nitakuwa mfupi.

Barua yako inaanza ukiwa umekaa nje, jua la saa sita mgongoni. Inaisha ukiwa kwenye mwanga hafifu. Ni karatasi moja, kalamu moja, siku moja. Jua la Ndabibi lilienda wapi?

Umeandika herufi kubwa kwa sababu huoni ndogo. Mama pia alianza kwa kusema taa ya nyumba ni mbaya. Micah akabadilisha taa.

Nilikuuliza maswali matatu. Mawili umejibu, la kwanza kwa hadithi na la pili kwa maneno mawili. La tatu umeliruka kabisa.

Na hiyo keki. Mtu mzima, mwenye binti wa kidato cha tatu, anaona haya kutema keki mbele ya watu ambao wote wanatema, lakini haoni haya kuwaachia watu hao maiti. Watakupigia makofi, Nico. Watakupigia makofi mpaka uanguke kwenye hiyo sahani.

Mwambie mtu. Mmoja tu. Nakupa wiki mbili.

Truphosa


Ndabibi
Jumapili, 23 Machi 2025

Dada,

Natumai mvua imewafikia. Huku imeanza, na matope yamechukua mahali pa vumbi.

Wamejua.

Sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na la kukuambia, na sasa ninalo. Siku ya Jumanne, msimamizi wa uzalishaji, Jepchumba, aliniita ofisini. Ndani alikuwa na muuguzi mwenye kile kipimo cha kidole. Muuguzi alitazama namba, akatazama tena, akapima kidole kingine. Wakanipeleka hospitalini Naivasha, nikalazwa, nikarudi Ijumaa nikiwa na tembe mpya na onyo. Macho yanarudi polepole. Unaona herufi zimepungua.

Sasa sikia hukumu. Mzee Barasa atakufa. Wameandika upya. Badala ya kuishi hadi mwisho, ataanguka katikati ya tamthilia, watoto wagombane bila yeye. Nimebakishiwa sehemu chache. Kiti changu bado kipo, lakini hakuna anayesema "tutakuita".

Najua ni nani alisema. Ni Kimberly. Wiki moja kabla aliniona nikimeza tembe nyuma ya lori, akauliza, "Baba, ni za nini?" nikamjibu ni za mgongo. Hakuna mwingine aliyeniona.

Jana nilimkuta kwenye foleni ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa pale, hata wapishi. Sikupanga. Sauti ilitoka yenyewe, ile ya Barasa, ya kufika mwisho wa ukumbi. Nilisema, "Wewe msichana, mdomo wako umeniua. Nani alikulea wewe, uuze siri ya mzee?"

Akasema, "Baba, siri gani?"

Nikasema, "Usiniite baba. Mimi nina binti, na amelelewa."

Aliweka sahani yake mezani taratibu, hajala, akatoka. Kipsang, mtu wa mizaha, alitazama viatu vyake. Kwa muda nilijisikia nimeshinda. Halafu nikapakuliwa chakula na sikuweza kukila.

Usimwambie Natasha chochote bado.

Nicodemus


Subukia
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Ndugu yangu mpendwa Nicodemus,

Tunakusalimu sana katika siku hizi za Pasaka. Ibada jana ilijaa hadi watu wakasimama nje, na kwaya ya akina mama ilivaa vitambaa vipya vya kijani. Natasha aliimba mstari wa peke yake na hakukosea. Shule zitafunguliwa tarehe 28. Amekua, ananipita sasa kwa kimo.

Mvua imekuwa ya kutosha. Kahawa imechanua yote kwa pamoja, shamba zima jeupe, na harufu yake inaingia hadi jikoni. Micah anasema maua yakishika hivi, mwaka huu tutahitaji wachumaji wa kutoka nje. Tumepogoa ile mistari ya chini. Kuna mdudu kidogo upande wa mto, lakini tumeshampulizia dawa. Ndama ameachishwa maziwa mapema kwa sababu alikuwa anamsumbua mamake. Paka wa jirani amehamia kwetu.

Nimefurahi kwamba ulifika hospitalini na macho yanarudi. Endelea na tembe mpya na ule kwa wakati wake.

Kuhusu hayo ya kazi, nimesikia. Yule msichana mwache. Huenda si yeye. Vijana wa siku hizi wana mambo yao mengi, hawana haja na tembe za mzee.

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na shughuli.

Dadako,
Truphosa


Ndabibi
Jumapili, 27 Aprili 2025

Dada,

Nimesoma habari za kahawa, upande wa mto na upande wa juu. Nimesoma habari za paka.

Nilikuandikia kwamba mtu ametoa siri yangu, nikapoteza kazi ambayo nimeingoja maisha yangu yote. Wewe, ambaye huuliza kila kitu mara tatu, hukuuliza nimejuaje kuwa ni yeye. Hukuuliza alijitetea vipi. Hukumtukana, hata kunisaidia kidogo. Ulikaa wiki nne, ukaniandikia kwamba huenda si yeye.

Mbona hukuuliza?

Nicodemus


Subukia
Jumapili, 4 Mei 2025

Nico,

Ni mimi.

Nimeandika hilo kwanza kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye ndama.

Wiki mbili nilizokupa zilipita bila barua. Jumapili tarehe 16 Machi, baada ya kanisa, nilichukua ile namba uliyoniachia ya dharura, nikapanda hadi kwenye uzio wa shule penye mtandao, nikapiga. Mwanamke akapokea, akasema ni Jepchumba. Nikamwambia, "Mimi ni dadake Nicodemus Makhanu. Ana sukari, na amewaficha, na macho yameanza kumpotea. Msimpe keki tena." Akasema, "Asante, mama. Tutamshughulikia." Mimi nilielewa kwamba watakupikia chakula chako na kukupa saa ya kula. Niliteremka nikijisifu. Nilimwambia Micah, "Leo nimeokoa mtu."

Kwa kupiga ile simu sioni haya. Nimejaribu kuona haya ili nikuridhishe, na siwezi. Ungekuwa kipofu sasa, au umelala pale alipolala Mama.

Ninaloona haya ni lingine. Barua yako ya tarehe 23 Machi niliisoma nimesimama mlangoni pa zizi. Nilifika mahali ulipomwambia yule mtoto, "Nani alikulea wewe?" Nilikunja barua, nikaiweka mfukoni mwa aproni, nikakamua. Nilijua siku hiyohiyo kwamba ana haki ya kusafishwa jina. Ilikuwa barua moja tu ya mistari miwili. Sikuiandika. Nilijiambia nitangoja hasira zako zipoe. Uongo. Niliogopa usiniandikie tena, na nikaona afadhali wewe umchukie msichana nisiyemjua kuliko unichukie mimi. Natasha aliniuliza kwa nini sijibu barua ya babake. Nikamwambia kalamu imeisha wino. Akaniletea yake.

Nilipokaa kuandika siku ya Pasaka, nilikuwa bado natafuta njia ya kumtetea bila kujitaja. Ndiyo sababu kahawa ilikuwa nyingi.

Natasha nimemwambia yote, la sukari na la simu. Najua uliniomba nisimwambie. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hivyo Shangazi, wewe na Baba ni kitu kimoja. Mnaficha, halafu mtu mwingine ndiye analia." Akaenda kuchota maji.

Nenda kwa huyo msichana. Mwambie ni mimi, utaje jina langu, na useme ninakaa Subukia.

Truphosa


Ndabibi
Jumapili, 25 Mei 2025

Dada Truphosa,

Shemeji Micah na Natasha wapokee salamu zangu. Zako pia zimo, ingawa zimenichukua wiki tatu kuziandika.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi. Mwanzoni nilikuwa na maneno makali na nilishayapanga vizuri. Halafu nikakumbuka kwamba kuna maneno ya Jepchumba ambayo sikukuandikia mwezi wa tatu. Nilikuandikia hukumu, nikaficha sababu. Wacha niiandike leo.

Nilimuuliza siku ile ofisini, "Mnaniondoa kwa sababu mimi ni mgonjwa?" Alisema, "Hapana, Mzee. Yule fundi wa taa ana sukari. Alituambia siku ya kwanza. Anakula saa zake, na kazi inasimama akila. Hujawahi kuona?" Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni mvivu. Akasema, "Tulikuuliza ukatuambia huna kitu. Sasa nikikuweka mbele ya kamera mpaka Agosti, nitajuaje kingine ulichoficha?" Alisema kwa upole. Afadhali angepiga kelele.

Kwa hiyo si wewe uliyenitoa kazini, na si Kimberly. Nilijua hilo Jumanne, na Jumamosi nikamtukana mtoto wa watu. Nilitaka tu awepo mtu mwingine wa kulaumiwa wakati wa kupakua chakula.

Nilimfuata tarehe 15. Nilichagua foleni ya mchana, kwa kuwa nilimwaibisha hapo, lakini nilipofika nilimwendea karibu na sikio. Nikamwambia, "Kimberly, nilikukosea. Ni dadangu Truphosa wa Subukia aliyepiga simu. Wewe hukusema kitu. Nisamehe."

Hakugeuka. Alisema, "Mzee, siku ile ulinitukana mpaka wapishi wakasikia. Leo radhi unaninong'oneza? Sema wasikie."

Kipsang akashusha kijiko.

Nikasema tena, kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo si kubwa kama ya Barasa. Nilisema nilikuwa na sukari na nilificha. Nilisema nilimsingizia. Nilisema nilipomuuliza nani alimlea, sikuwa na haki ya kuuliza. Kipsang alikuwa ameshaniambia kwamba nyanyake Kimberly ndiye aliyemlea, na walimzika Desemba, wiki chache kabla hatujaja hapa. Alikuwa ananiita Baba akiwa katika msiba, dada, na mimi nikamkataza mbele ya watu.

Alisema, "Nimesikia." Akachukua sahani yake, akaenda kula na wasichana wa mavazi. Baada ya muda foleni ikasogea. Yule wa taa aliniita nikae mezani kwao. Nilikaa.

Alhamisi iliyopita ndipo Barasa alipokufa. Wamemlaza kitandani, shuka nyeupe, watoto wote wamezunguka. Kazi yangu ilikuwa kutopumua. Ya Kimberly ilikuwa kuanguka kifuani pangu na kulia. Tulirudia mara kadhaa, na kila mara alilia machozi ya kweli, moto, yakaloanisha shati mpaka mpambaji akalibadilisha. "Baba," alikuwa anasema. "Baba, usiniache na hawa." Alikuwa na mkono wake nyuma ya shingo yangu, na aliushika mwili wangu kama mtu anavyoshika kitu chake. Mimi nililala nimefumba macho, nikiomba Mungu waendelee kukosea, turudie tena.

Halafu dairekta akasema, "Kata, tumemaliza." Alinyanyuka, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akamuuliza Kipsang kama sauti imeingia vizuri. Kipsang akasema imeingia. Kimberly akanigeukia, akanipa mkono kunisaidia kuketi. Akasema, "Kazi nzuri, Mzee Makhanu. Safari njema."

Ni jina langu, na alilitamka kwa heshima. Sina la kulalamika.

Nitafika Jumamosi. Natasha nitamkalisha mwenyewe na kumwambia, hata kama ameshajua. Kuhusu wewe na zile wiki nne, bado nina hasira, na huenda nikafika nayo. Usinikimbie zizini. Tukae, uniulize maswali yako matatu, nami nitayajibu yote.

Nduguyo, aliyekufa Alhamisi,
Nicodemus